Igizo Lisilo na Mwisho: Mwongozo wa Kutumia Ngoma, Maigizo na Baraza Kuleta Amani kati ya Wakulima na Wafugaji Lindi

Ufuta ukishakatwa husimamishwa vitita shambani ili ukauke. Ng'ombe akipita katikati, hata asipokula kitu, anavitikisa vile vitita na mbegu zinamwagika mchangani. Hakuna mtu anayeweza kuziokota. Mkulima wa Nachingwea au Kilwa anayekuta hali hiyo alfajiri amepoteza ada ya watoto, bati za nyumba na pesa ya kulipia deni, vyote kwa mkupuo mmoja. Upande wa pili yuko mfugaji ambaye kundi lake ndilo akiba yake, mahari ya wanawe na chakula cha nyumbani. Naye akiamka na kukuta ng'ombe watatu wamekatwa mapanga, amefilisika vilevile. Hapo panga na fimbo huanza kutafutana.

Nimefanya sanaa za jukwaani vijijini mkoani Lindi na Mtwara kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona kila mara ni kikundi kwenda kijijini na jibu mfukoni. Igizo linaishia mkulima na mfugaji wakikumbatiana, watu wanapiga makofi, gari linaondoka, na wiki ya pili tunasikia mtu kachomwa mkuki. Njia ninayoieleza hapa inaliacha igizo bila mwisho. Tunalisimamisha pale panapouma, na wenye kijiji ndio wanaolimaliza.

Njia hii si yangu. Augusto Boal wa Brazili ndiye aliyeijengea kanuni zake: mtazamaji anaruhusiwa kupanda jukwaani, kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu uamuzi mwingine. Hapa kwetu, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikaa na wanakijiji wa Malya huko Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakitunga ngoma na maigizo kutokana na shida za wenyeji wenyewe. Wazee wetu nao walijua siku nyingi kwamba wimbo unaweza kumsema mtu ambaye maneno makavu yasingethubutu kumgusa.

Hatua ya kwanza: nenda mikono mitupu

Usiende na ngoma. Usiende na fulana zenye maandishi. Nendeni watu wawili, mwanamke na mwanamume, mkae siku tano hadi saba mkisikiliza. Mtaanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kwa sababu ndiyo adabu, lakini msiishie hapo. Mwenyekiti anajua kesi zilizofika ofisini. Zile zilizomalizwa usiku kwa fedha, au zilizoachwa zioze mioyoni, zinajulikana kwa mabalozi, kwa imamu, kwa makungwi, na kwa akina mama wanaopanga foleni kisimani.

Kwa wafugaji nendeni zizini, asubuhi ng'ombe wanapokamuliwa au jioni wanaporudi. Mkiwaita waje ofisini mtapata wanaume wawili wakimya. Mkikaa zizini mtapewa maziwa, na maneno yatafuata.

Sikilizeni kwa makini majina ambayo watu wanaitana. Kusini tumezoea kuwaita wafugaji wote "Wamang'ati", awe Msukuma, Mmasai au Mbarbaig. Jina hilo Wamasai waliwapa Wadatoga, ambao Wabarbaig ni sehemu yao, na maana yake ni maadui. Mtu anayeitwa adui kila siku gulioni hawezi kukuamini ukimwambia umekuja kwa ajili ya amani. Wafugaji nao wana lao: sisi wote ni "Waswahili", na wanavyolitamka unasikia dharau ndani yake. Andikeni majina hayo. Yataingia kwenye igizo.

Jueni pia historia. Wafugaji wengi walifika Lindi baada ya operesheni ya mwaka 2006 na 2007 iliyowaondoa bonde la Usangu na Ihefu huko Mbeya. Walikuja wakiwa wamekwisha kufukuzwa mara moja. Mkulima akisema "rudini kwenu", mwenzake anasikia jambo zito kuliko lile lililokusudiwa. Na mkulima aliyeamka siku moja akakuta mamia ya ng'ombe kwenye bonde alilozaliwa, bila mtu yeyote kumuuliza, ana uchungu wa haki pia. Uchungu wa kutoulizwa tunaufahamu Kusini. Januari na Mei mwaka 2013 Mtwara ililipuka kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, na watu walikufa. Mazungumzo ya kina yalikuja baada ya moto, badala ya kuja kabla.

Maswali yenu yasiwe "mgogoro ulianzaje?" Swali hilo linawapa watu nafasi ya kusoma mashtaka. Ulizeni: upande wa pili, ni nani ungeweza kumwachia mtoto wako kwa siku moja? Mara ya mwisho mlikula pamoja lini? Nani ananunua maziwa yao, nani anachukua samadi, nani amelimiwa na maksai wao? Karibu kila kijiji nilichofika kilikuwa na nyuzi kama hizo, nyembamba lakini hazijakatika. Igizo litashonwa kwa nyuzi hizo.

Hatua ya pili: ruhusa

Hili ni fupi, ila msiliruke. Mjulishe afisa utamaduni wa wilaya, mtendaji wa kata na serikali ya kijiji kwa barua. Polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla ya mkusanyiko, kama sheria inavyotaka. Nakala iliyogongwa muhuri ikae mfukoni mwa kiongozi wa kikundi siku ya onyesho. Na kama uchaguzi umekaribia, ahirisheni. Hakuna namna ya kuwazuia wagombea wasiligeuze igizo lenu kuwa jukwaa lao.

Hatua ya tatu: kikundi

Watu kumi hadi kumi na wawili wanatosha. Nusu yao au zaidi wawe wa kijiji hicho hicho, na wafugaji wasipungue watatu, mmoja wao mwanamke. Mtafute manju wa kweli, yule ambaye akianza wimbo watu huitikia kabla hawajajua wanaitikia nini. Mtafute na mkalimani wa Kisukuma au Kidatoga, kwa sababu wanawake wengi wa wafugaji, hasa watu wazima, hawakisikii vizuri Kiswahili cha haraka.

Nasisitiza wafugaji wawe ndani ya kikundi kwa sababu niliwahi kukosea hapo na sitasahau. Hatukuwa na mfugaji hata mmoja, tukampa kijana wetu mmoja, mchekeshaji hodari, sehemu ya mchunga ng'ombe. Akajifunga shuka, akashika fimbo, akaanza kuzungumza kwa lafudhi ya kuigiza. Wakulima walicheka mpaka wakalia. Wafugaji kama ishirini waliokuwa wamesimama nyuma, chini ya mkorosho, waliondoka mmoja mmoja bila kusema neno. Tulikuwa tumewafukuza kwa mara nyingine, mara hii kwa sanaa. Ilituchukua karibu mwaka kurudi kijiji kile, na tulianza kwa kwenda zizini kuomba radhi.

Hatua ya nne: chagua sanaa ya mahali

Kusini hatupungukiwi. Kuna sindimba ya Wamakonde, kuna ngoma za Wamwera, Wayao, Wamakua, Wangindo na Wamatumbi, kuna mapiko, ngoma ya kuvaa sura za kuchongwa, na kuna vinyago. Mtwara kumekuwa na tamasha linaloitwa MaKuya, jina lililounganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao, ambalo limeonyesha watu wa makabila tofauti wakikaa uwanja mmoja kutazama ngoma za wenzao. Kwa kazi yetu ulizeni wazee ngoma ipi huchezwa mbele ya watu wote, na ipi ina wenyewe. Nyimbo za unyago na mambo ya jando msiyapandishe jukwaani hata kama mnayafahamu. Mkifanya hivyo makungwi watawafungia milango, na watakuwa na haki.

Sura ya mapiko ina nguvu ya pekee, kwa sababu aliyeivaa anaruhusiwa kusema yale ambayo mwenye uso wake hawezi. Ila ni mali ya mila. Iombeni kwa wazee, na wakikataa, tumieni sura ya boksi mliyoipaka rangi wenyewe. Utani nao ni hazina: watani huambizana ukweli hata msibani na hakuna anayenuna. Kama ndani ya kijiji kuna watani, wapeni nafasi ya kuanzisha mjadala. Lakini utani wa mkulima kwa mfugaji aliyehamia juzi bado haujazaliwa, msijifanye kuwa upo.

Wafugaji waulizwe pia wana nyimbo gani. Siku ambayo vijana wao wanaimba na kuruka katika uwanja ule ule wa sindimba, nusu ya kazi imefanyika kabla igizo halijaanza.

Hatua ya tano: ramani ya majivu

Kabla ya kutunga, chora kijiji ardhini. Hii ndiyo zana ninayoipenda kuliko zote, na haina gharama. Tafuteni kivuli, fagieni mchanga, chukueni majivu ya jikoni na mchore barabara, mto, mabwawa, msikiti, shule. Kokoto ziwe mazizi, korosho ziwe mashamba ya mikorosho, majani mabichi yawe ufuta. Waalikeni watu sita wa kila upande na wapeni majivu wao wenyewe.

Mtaona mambo. Mkulima atachora shamba lake mpaka ukingo wa mto. Mfugaji ataduwaa, kisha atauliza, "Sasa ng'ombe wakanywe wapi?" Safari moja bibi mmoja aliinama akafuta kwa kiganja mstari uliochorwa na mwanawe, akasema njia ya majini ilikuwa inapita hapo tangu enzi za babu yake, kabla haijazibwa na mashamba mapya. Hakuna mkutano ambao ungemtoa bibi yule maneno hayo. Aliyatoa kwa sababu aliona mstari umekosewa. Pigeni picha ramani hiyo kabla kuku hawajaivuruga.

Hatua ya sita: kutunga

Kisa kitokane na yale mliyoyasikia, lakini kisiwe cha mtu yeyote. Tunaepuka majina ya watu kabisa. Wahusika wetu ni Mama Ufuta, kaka yake Panga, Baba Zizi, mkewe Mama Maziwa, mtoto wao Fimbo, na Mwenyekiti Muhuri. Kila mmoja awe na jambo moja sahihi na kosa moja. Mkulima akiwa malaika na mfugaji shetani, mmetunga hotuba.

Sehemu ya kwanza: asubuhi Mama Ufuta na Mama Maziwa wanabadilishana mihogo kwa maziwa, wanasimuliana habari za watoto. Sehemu ya pili: usiku, kijana Fimbo amechoka, yuko peke yake na ng'ombe wengi kuliko umri wake, anasinzia. Sehemu ya tatu ni ya Mama Ufuta peke yake. Tafuteni kitita cha ufuta wa kweli uliokauka na mtandike kanga nyeusi chini. Mwigizaji hasemi kitu. Anakiinua kile kitita, anakitikisa, na mbegu zinamwagika juu ya kanga kwa mlio mwembamba kama mvua ya mbali. Nimeona uwanja wa watu mia tatu ukinyamaza kusikiliza mlio huo, wafugaji wakiwamo. Wengi wao hawakuwahi kujua kwamba ng'ombe anaweza kuleta hasara bila kula.

Sehemu ya nne: Panga anakwenda zizini. Baba Zizi anatoka na fimbo. Mama Ufuta anakimbilia kwa Mwenyekiti Muhuri, anaambiwa "njoo kesho, leo niko safarini", na wakati anaondoka, mtu asiyeonekana uso anaingia kwa mwenyekiti na bahasha. Msiseme ndani ya bahasha kuna nini. Sehemu ya tano: panga liko juu, fimbo iko juu, manju anapiga ngoma pigo moja, na kila mtu anaganda.

Mwisho. Dakika ishirini na tano, zisizidi.

Panga lenyewe lichongwe kwa bua la mgomba. Silaha ya kweli isiingie uwanjani hata kwa mzaha.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Msiende wakati wa minada ya korosho, Oktoba hadi Desemba, wala Ramadhani, wala wakati wa kupanda. Kipindi kizuri ni baada ya ufuta kuuzwa, Julai hadi Septemba mwanzoni. Msifanye mbele ya ofisi ya kijiji wala karibu na kilabu cha pombe. Uwanja wa shule au gulioni panafaa, mahali ambapo pande zote mbili hupita bila kujieleza. Ngoma ianze saa nane na nusu kuita watu, igizo saa tisa na nusu, ili mjadala uishe kabla ya magharibi. Watu wakae kwa duara. Jukwaa la kupanda ngazi linawatisha wanaotakiwa kulipanda.

Wahusika wakishaganda, mwongozaji anaingia katikati. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote, na asiwe mzungumzaji sana. Swali lake ni moja: "Nani kati ya hawa angeweza kufanya jambo tofauti, na ni wapi?" Kisha anasubiri. Kimya kinaweza kudumu dakika mbili, na dakika mbili mbele ya umati ni ndefu. Asikivunje.

Anayenyosha mkono anaitwa, anavalishwa kanga au anapewa fimbo, na igizo linarudiwa kuanzia pale alipochagua. Kanuni ni mbili. Hauruhusiwi kufuta tatizo: ng'ombe wameshaingia, hasara imeshatokea. Na mtu akileta muujiza, kwa mfano Baba Zizi anatoa milioni mfukoni ghafla, uwanja wote unaruhusiwa kupiga kelele "Uongo!" Watu hulipenda sana neno hilo, na linawafunza kutafuta lile linalowezekana.

Kijiji kimoja vijana watatu walijaribu mmoja baada ya mwingine kumtuliza Panga, wote wakashindwa. Akapanda mama mtu mzima, akachukua kanga ya Mama Ufuta, akarudi mwanzo wa sehemu ya tatu. Hakupiga yowe. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Maziwa akamshika mkono: "Shoga, twende ukaone kabla wanaume hawajaamka." Wakaenda wawili, wakasimama kwenye zile mbegu. Mama Maziwa, ambaye alikuwa mfugaji kweli, aliinama akaanza kuziokota moja moja, na hilo halikuwa kwenye mazoezi. Kutoka hapo lilizaliwa wazo kwamba hasara ionwe na mashahidi wa pande mbili siku hiyo hiyo, kabla mtu yeyote hajamshika ng'ombe wala kunoa panga.

Mwongozaji ajitahidi wapande pia watu wasiozoea kusema, na mara moja angalau amwombe mkulima ashike fimbo ya Baba Zizi. Akitokea mtu anayetaja jina la mtu halisi, amsimamishe kwa upole: "Hapa tunamsema Baba Zizi tu." Akija kiongozi anayetaka kipaza sauti atoe hotuba, mwambieni nafasi yake ipo, kama Mwenyekiti Muhuri, ndani ya igizo. Wengine hukubali, na kilichomo kwenye bahasha hujadiliwa bila mtu kushtakiwa.

Hatua ya nane: baraza

Igizo linafungua vidonda, kwa hiyo msilale bila kupanga baraza la kesho yake. Asubuhi kaeni makundi manne kwa saa moja na nusu: wakulima wanaume, wafugaji wanaume, wanawake wa pande zote pamoja, na vijana pamoja. Wanawake na vijana nawachanganya makusudi, maana huko ndiko nilikokuta nyuzi zile nyembamba. Mchana wote wakutane mkekani, ramani ya majivu ichorwe upya, na kila kundi lilete mambo mawili tu.

Makubaliano yawe ya vitu vya kushika: njia ya ng'ombe kwenda majini inapita wapi na ina upana gani, mtoto asichunge usiku peke yake, ng'ombe akiingia shambani nani anaitwa kwanza, tathmini ya hasara inafanywa na afisa ugani akiwa na shahidi mmoja wa kila upande, fidia inalipwa ndani ya siku ngapi, hakuna kukata mnyama, hakuna kumshikilia mtu. "Tutapendana" msiliandike. Haliwezi kupimwa.

Muhtasari usainiwe, lakini muelewe kwamba baraza lenu halina nguvu ya sheria. Makubaliano yapelekwe mkutano mkuu wa kijiji, na yale yanayofaa kuwa sheria ndogo yapite huko kisha yaende halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mashauri ya mipaka yana mahali pake: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Kagueni kama kijiji kinalo na kama hao wanawake watatu wapo kweli. Ulizeni pia kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi. Bila huo, njia ya ng'ombe itazibwa tena na shamba jipya msimu ujao.

Pale pasipofaa kuigiza

Njia hii nimeiona ikifanya kazi kwa malipo ya korosho yaliyochelewa, kwa mgogoro wa msikiti, na kwa swali la lini wasichana wachezwe unyago ili wasikose shule. Lakini si kila jeraha linaigizwa. Kule kandokando ya Ruvuma, ambako kijiji cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020 na watu wakauawa, msipeleke mapanga jukwaani, hata ya bua la mgomba. Huko anzeni kwa pole, kwa kukaa na waliofiwa, kwa wimbo wa maombolezo kama wenyewe wanautaka. Hata vijiji vya ufuta, kama mtu amekufa katika ugomvi na arobaini haijapita, subirini.

Hatua ya tisa: kurudi

Rudini baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, na msimu wa ufuta unaofuata. Safari ya kwanza haihitaji ngoma. Nendeni kwa mtendaji muone daftari la mashauri: mangapi ya mifugo yameingia, mangapi yamemalizwa kwa utaratibu uliokubaliwa, fidia zipi zimelipwa na zipi bado. Kisha nendeni kisimani na zizini muulize mambo yasiyoandikwa, kama vile maziwa bado yanabadilishwa kwa mihogo.

Katika safari ya pili kikundi cha kijiji kicheze chenyewe, ninyi mkae chini na watazamaji. Pengine watakuwa wamebadilisha kisa, wameongeza mhusika. Waacheni.

Na makubaliano yakivunjika, kwa sababu mengine yatavunjika, msiitishe mkutano wa kulaumiana. Waiteni wale sita wa kila upande, tafuteni kivuli, fagieni mchanga, leteni majivu. Muulizeni aliyekosewa aonyeshe ni wapi, na muulizeni aliyekosea achore alikopita.